Waliopaa Bila Injini, na Kile Kifaa cha Kidoleni mwa Mwanao

SEHEMU YA 1: MGENI NA KIFAA CHAKE

 Akina baba mnaosoma kwa kujificha kwenye simu za wake zenu, nakuoneni.

Niliahidi kuandika juu ya watoto na pumzi. Leo natimiza, ila nitapita njia ndefu kidogo, maana njia fupi nimeshaipita mara nyingi na bado mnaniletea watoto wamechelewa. Nivumilieni.

Siku moja alikuja mgeni, mzee wa Kijerumani aliyekuwa kwenye mapumziko hapa Kizimkazi. Kichwa kinamuuma, midomo imekauka, tumbo limemuendesha siku mbili. Kitu cha kawaida. Nikamwambia nitampima, nikachukua kile kifaa chetu cha kubana kidole. Akacheka. Akafungua mkoba wake, akatoa cha kwake, kinafanana na changu kama pacha.

Nikamuuliza, babu, wewe ni daktari? Akasema hapana, mimi ni mstaafu, ila starehe yangu ni kurusha ndege isiyo na injini.

Mwenzangu, nilidhani sijasikia vizuri. Ndege bila injini?

Akanionesha nje. Juu ya minazi kulikuwa na mwewe, anazunguka, anapanda, na wala hapigi bawa. Akasema, namna ile ile. Jua linachoma ardhi, hewa ya moto inapanda, mwewe anaitafuta na kuzunguka ndani yake. Glaida inavutwa juu na ndege nyingine au kwa kamba ya mashine, inaachiliwa, halafu rubani anatafuta hewa inayopanda. Akiipata anaweza kukaa juu saa tano au sita. Akaniambia amewahi kuruka hata hapa Afrika Mashariki, Mweiga karibu na Nyeri, Kenya, kati ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare.

Nikamuuliza, sasa na kifaa cha kidole cha nini huko juu? Akanijibu, "Kwa sababu huko juu siwezi kujiamini mwenyewe."

Jibu hilo lilinikaa. Nikaanza kusoma habari za watu hawa, usiku baada ya zamu. Nilichokikuta ni historia ya mwili wa binadamu, namna unavyosema na namna unavyonyamaza. Ndiyo nataka tuisome pamoja.

SEHEMU YA 2: MGONGO

Tuanze mbali. Qurtuba, Andalusia, nchi iliyo Uhispania ya leo, karne ya 9. Kulikuwa na mtu anaitwa Abbas ibn Firnas, mshairi na mtu wa elimu nyingi. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika karne ya 17, anatueleza kwamba Ibn Firnas alijivika manyoya, akajitengenezea mbawa mbili, akajirusha kutoka mahali pa juu. Wanaohesabu miaka wanaiweka siku hiyo karibu na mwaka 875. Kwa kulinganisha tu, maandishi ya msikiti wetu wa Dimbani ni ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kwa hiyo mtu yule alijaribu kuruka zaidi ya miaka 200 kabla ya mihrabu ile kuandikwa.

Inaelezwa alikwenda masafa si haba. Tatizo lilikuwa kutua. Alisahau kwamba ndege anatumia mkia anapotua, na yeye hakujiwekea mkia. Akaumia mgongo.

Ruka miaka elfu moja. Ujerumani, Otto Lilienthal anaanza mwaka 1891 kuruka kutoka vilimani na mbawa za vijiti na kitambaa. Aliruka karibu mara 2,000. Hebu fikiria, mara 2,000. Tarehe 9 Agosti 1896 upepo ulimgeuka, akaanguka kutoka kiasi cha mita 15, sawa na mnazi mrefu. Inaelezwa mwanzoni alizinduka na kuzungumza. Kumbe uti wa mgongo umevunjika. Alisafirishwa mpaka Berlin na kesho yake, tarehe 10, akafariki.

Nimesimama hapa kwenye "alizinduka na kuzungumza" kwa sababu nalijua jambo hili kwa macho yangu. Mtoto ameanguka kwenye mwembe, kijana ameanguka kwenye mnazi. Watu wanamkuta anaongea, wanasema alhamdulillahi mzima huyu, wanambeba mmoja mikono mmoja miguu, kama gunia la nazi. Jamani. Kuongea si ushahidi kwamba mgongo uko salama.

Akianguka kutoka juu, mwacheni alale alipo, mtu mmoja amshikilie kichwa kisitikisike, mwengine aite msaada. Ikibidi kumhamisha, tafuteni ubao au mlango, awe amenyooka, kichwa, shingo na mgongo viende pamoja. Marubani wa glaida wa leo huweka chini ya makalio mto maalumu wa sponji ngumu, kazi yake kuulinda uti wa mgongo wakati wa kutua vibaya. Ni somo lile lile la Ibn Firnas. Miaka mingi imepita na mgongo wa binadamu haujabadilika.

SEHEMU YA 3: SIKIO

Tarehe 1 Disemba 1783, Paris. Bwana Jacques Charles anapanda na puto la gesi ya haidrojeni, yeye na mwenzake. Wakatua salama. Mwenzake akashuka, puto likawa jepesi, Charles akapanda tena peke yake. Safari hii lilimpeleka juu haraka, mpaka karibu mita 3,000. Akiwa huko, sikio lake la kulia likamuuma maumivu makali. Akashuka. Na hakupanda puto tena maisha yake yote.

Sikio, shoga yangu, lina tabia nzuri: linasema. Ndani yake mna hewa, na ina kimrija cha kupita kwenda nyuma ya pua. Ukipanda au kushuka haraka, hewa ya nje inabadilika uzito, na ya ndani lazima iifuate. Ukiwa na mafua kimrija kinaziba. Ndiyo maana rubani wa glaida mwenye akili harushi ndege siku ana mafua, hata kama anga ni zuri kiasi gani. Anabaki chini anawatazama wenzake kwa uchungu.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Wengi wenu mnapanda ndege hapa uwanja wa Abeid Amani Karume, mnakwenda Dar, mnakwenda Maskati kwa shangazi. Ndege ikianza kushuka, watoto wote wanalia kwa pamoja, na mama anatazamwa kama hajui kulea. Hujakosea kitu. Kimrija cha sikio la mtoto ni chembamba na hajui kumeza kwa makusudi kama wewe.

Basi ndege ikianza kuteremka, usingoje itue. Mwamshe, mpe ziwa. Kumeza ndiko kunakofungua njia. Anayetumia chupa mpe chupa, mkubwa mpe maji anywe kidogo kidogo. Na mtoto mwenye sikio linalotoa usaha au homa na maumivu ya sikio, mlete tumuone kwanza kabla ya safari. Tiketi inabadilishwa, sikio ni moja kila upande.

SEHEMU YA 4: MAJI, JUA NA HAJA NDOGO

Hapa yule mzee alinichekesha, lakini alikuwa anasema kweli.

Baada ya vita kuu ya kwanza, mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliibana sana Ujerumani kwenye mambo ya ndege za injini. Vijana wakageukia ndege zisizo na injini. Kuanzia mwaka 1920 wakawa wanakusanyika kwenye mlima uitwao Wasserkuppe, kila mwaka wanajifunza kukaa juu muda mrefu zaidi. Mwanzo ilikuwa dakika, baadaye ikawa masaa. Na masaa yakaleta tatizo ambalo hakuna aliyeliimbia nyimbo: mkojo.

Rubani amefungwa mikanda kwenye kiti chembamba, juu yake kifuniko cha plastiki safi, jua linampiga kichwani, hawezi kusimama. Afanyeje? Wapo waliopata akili ya kutokunywa maji. Kichwa kikaanza kuuma, macho mazito, uamuzi ukaharibika. Mtu anakosea kutua, na akiulizwa anasema hakusikia kiu. Kiu mara nyingi huja mwili umeshaanza kupungukiwa. Leo marubani wazoefu wanavaa kofia, wanabeba maji yenye mrija, na haja ndogo wana mifuko yake. Wanawake wengine wanavaa pampasi za watu wazima na hawaoni haya.

Niliposikia hivyo niliwafikiria nani? Niliwafikiria nyinyi mnaolima mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na tangu hapo waliokibeba mgongoni ni wanawake, Paje, Jambiani na pwani hii yetu. Bamvua likitoa maji, mnatoka mapema, mnainama juani masaa, mnarudi maji yakijaa. Wengi mmeniambia wenyewe, "Sinywi maji ya kutosha, maana nikibanwa nitakwenda wapi?" Halafu mnakuja kwangu na mkojo unaounguza, mara ya tatu mwaka huu.

Kujinyima maji na kubana mkojo ni kuwapa vijidudu nafasi ya kukaa na kuzaliana. Kwa mjamzito ni hatari zaidi, maradhi yanaweza kupanda kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati. Sikwambieni muache mwani, ndio unaolipa ada ya skuli. Nasema beba chupa, ifunge kwenye kamba yako, kunywa kabla ya kutoka na kila unapomaliza mstari. Kofia au ukili juu ya mtandio. Na kujisitiri tupangeni wenyewe kwa wenyewe, wanne watano, mmoja anashika kanga. Hakuna haya katika kulinda figo.

Na mtoto anayeharisha ni rubani aliyefungiwa juani, tofauti yake hawezi hata kukwambia. Usingoje aombe maji. ORS kidogo kidogo kwa kijiko tangu choo cha mwanzo, na ziwa lisikatwe. Zinki atapewa kituoni. Ukiona macho yameingia ndani, analia bila machozi, au masaa sita hajakojoa, hapo usingoje asubuhi.

SEHEMU YA 5: FURAHA YA MITA 8,000

Sasa tumefika kwenye kisa kilichoninyima usingizi.

Tarehe 15 Aprili 1875, Ufaransa. Watu watatu wanapanda puto lililoitwa Zénith: Gaston Tissandier, Joseph Crocé-Spinelli na Théodore Sivel. Hawakuwa wajinga. Walijua huko juu hewa ni nyepesi. Mwaka mmoja kabla, wawili kati yao walikuwa wameingia kwenye chumba cha majaribio cha mwanasayansi Paul Bert, chumba ambacho hewa yake inapunguzwa mpaka iwe kama ya mlimani. Waliona wenyewe jinsi akili inavyofifia, na jinsi oksijeni inavyoirudisha. Kwa hiyo walibeba mifuko ya oksijeni. Paul Bert aliona haitoshi, akawaandikia kuwaonya, lakini barua haikuwahi kuwazuia.

Na kwa kuwa ilikuwa chache, wakapanga: tutaitumia tutakapoihitaji.

Isome tena hiyo. Tutaitumia tutakapoihitaji.

Puto lilipita mita 8,000. Kumbuka kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895, na pale tu uzito wa hewa ni kama nusu ya hapa kwetu pwani. Tissandier alisimulia baadaye kwamba hakusikia maumivu. Alisikia furaha. Mwili mlegevu, moyo mkunjufu, hakuna hofu. Alitaka kuwaambia wenzake wamefika mita 8,000, ulimi haukumtii. Mrija wa oksijeni ulikuwa karibu, mkono haukunyanyuka. Akazimia. Alipozinduka, puto linateremka, na wenzake wawili wamefariki mbele yake. Yeye alipona, ila uwezo wa kusikia ulimpotea.

Watu wale hawakuuliwa na kukosa oksijeni, maana walikuwa nayo. Waliuliwa na kungoja kuisikia haja yake. Kitu kinachotakiwa kutoa taarifa ni ubongo, na ubongo ndio wa mwanzo kuzimika. Ni kama mlinzi aliyelala, unamuuliza kama kuna mwizi.

Marubani wakajifunza kwa gharama hiyo. Leo hawaulizani "unajisikiaje?" Wanatazama namba. Sheria ya Marekani kwa mfano inasema rubani akikaa juu ya futi 12,500, karibu mita 3,800, kwa zaidi ya dakika 30, lazima atumie oksijeni, na akipita futi 14,000 aitumie muda wote. Awe anajisikia vizuri, asijisikie, haiulizwi. Mwaka 2018 glaida moja iitwayo Perlan 2 ilifika zaidi ya kilomita 22 juu ya Argentina, bila injini, na waliokuwemo wakarudi wazima. Walikaa ndani ya chumba kilichofungwa na hewa yake, na hawakungoja mwili uwaambie kitu.

SEHEMU YA 6: KIDOLENI

Sasa kile kifaa. Wakati wa vita kuu ya pili, ndege za kivita zilikuwa zinapanda juu sana, na marubani wakawa wanazimia kimya kimya. Mmarekani mmoja, Glenn Millikan, akatengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1940 kifaa cha kubana sikioni, kinapitisha mwanga kwenye ngozi na kusoma rangi ya damu. Damu yenye oksijeni ni nyekundu ya kung'aa, isiyo nayo imefifia. Mwaka 1974 Mjapani Takuo Aoyagi akapata namna ya kuusoma mwanga huo kwa kufuata mapigo ya damu, na kutoka hapo ndiyo vikaja hivi vidogo vya kidoleni.

Kwa hiyo, mama, kile kitu ninachombana nacho mwanao na wewe unauliza "kinauma?", asili yake ni marubani. Kilitafutwa kwa ajili ya watu wanaokufa huku wanasema wazima.

Nikuelezeni usiku mmoja. Nilikuwa na miezi michache tu kazini, kituo sikitaji. Mama mmoja ameleta mtoto wa miezi tisa, homa na kikohozi, amelia tangu alasiri. Nikawa na wagonjwa wengine. Baadaye mama akaniita kwa furaha, "Nesi, alhamdulillahi amepoa, ameacha kulia, amelala." Nikamtazama kutoka mlangoni. Kweli, kimya. Nikafurahi pamoja naye. Nikaondoka.

Mama mkubwa wa zamu, Mungu amlipe kheri, akapita nyuma yangu. Akamfunua mtoto shati. Akatazama saa. Akanibania kifaa mkononi, hakusema kitu. Nikakiweka kidoleni: 82. Pumzi 68 kwa dakika moja. Mbavu zinaingia ndani kila akivuta.

Mtoto hakuwa amepoa. Alikuwa amepanda mita 8,000, na mimi nimesimama mlangoni nafurahi.

Tulimwekea oksijeni, akaanza dawa, na siku ya nne akarudi kwao. Mama yule alinishukuru sana, na kila aliponishukuru nilitamani ardhi inimeze. Mama mkubwa aliniambia jambo moja tu: "Mwanangu, kimya cha mtoto mgonjwa usikiite usingizi mpaka uhesabu."

Basi tuhesabu. Kifaa si lazima uwe nacho nyumbani. Unayo simu, ina saa.

Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Mfunue kifua na tumbo. Kila kifua kikinyanyuka ni moja. Hesabu dakika nzima, sekunde zote 60, usihesabu nusu ukazidisha.

Chini ya miezi 2: zikifika 60 au zaidi, mlete.
Miezi 2 mpaka kabla ya mwaka: 50 au zaidi, mlete.
Mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5: 40 au zaidi, mlete.

Na bila kuhesabu hata moja, mlete sasa hivi ukiona mbavu zinaingia ndani, midomo imekuwa ya buluu au kijivu, anakoroma kila akitoa pumzi, hawezi kunyonya, au amelegea hashtuki.

Kwa walionunua kifaa chao wakati wa korona: mtu mzima wa afya hapa pwani husoma 95 mpaka 100, na chini ya 90 ni dharura. Futa rangi ya kucha kwanza. Hina nyeusi na piko pia vinaweza kukivuruga, tumia kidole kisichopakwa. Na jueni kwamba kwenye ngozi nyeusi kama zetu vifaa hivi wakati mwengine husoma juu kuliko ukweli. Kikisema 93 na mtoto anahema mbio, amini pumzi ulizohesabu.

Jambo la mwisho. Sharubati za mafua zinazoleta usingizi, zile za familia ya piriton, rubani haruhusiwi kurusha ndege akiwa amezinywa. Sasa wewe unampa mtoto mchanga anayehema ili "alale apumzike", halafu utajuaje kama amelala au amezimia? Usimpe bila kuuliza.

Yule mzee wa Kijerumani alikunywa ORS yake, akapata nafuu, akaondoka. Kabla hajaondoka nilimuuliza kama haogopi. Akasema anaogopa siku asipotazama namba.

Kazi ya usiku wa leo: mtoto akilala, mzima asiye na homa, mhesabu pumzi zake dakika nzima. Iandike nyuma ya kadi yake ya kliniki. Siku akiugua utakuwa unaijua namba yake ya kawaida, na utaona haraka ikipanda. Niandikieni hapo chini umri wa mtoto na hesabu uliyopata, nitapita kuzisoma nikitoka zamu asubuhi. Na akina baba, nyinyi mnahesabu, mama analala.

Wiki ijayo in shaa Allah tutazungumza presha ya ujauzito, maana huko nako "najisikia mzima" imeshatuliza sana.